Matone Chini ya Ulimi

Masika, ambaye sasa ndiye titulaire, yaani mkuu, wa kituo chetu cha afya hapa Mususa, Butembo, alikuja kwangu Jumatano akiwa na mkungu wa ndizi na ombi. Anataka niandike kurasa chache juu ya miaka yangu ya kazi, azisome Jumatatu asubuhi mbele ya wauguzi vijana kabla ya kufungua milango. "Mama Katungu, utuandikie mambo ya zamani," aliniambia, "batoto hawa hapana jua kitu." Kisha, akiwa amekwisha kusimama mlangoni, akaongeza habari ya furaha. Imefika katoni ya dawa za msaada, na ndani yake mna vile vidonge vyekundu laini vya nifedipine, dawa ya kushusha presha, ambavyo havikuonekana kwetu miaka mingi. "Tutaanza tena matone yako, Mama. Bagonjwa ba attaque batapona sawa vile Papa."

Papa anayemsema ni mume wangu, Mumbere. Alikuwa amekaa uani, mkono wa kuume umelala mapajani, anawatazama kuku. Masika alimpungia, naye akatabasamu kwa upande mmoja wa uso, maana upande wa pili hautabasamu. Mimi nikasema, "Aksanti, mwanangu," nikafunga mlango. Ndizi zinaiva zenyewe jikoni. Sijazigusa.

Basi naandika, na naandika upesi, maana kati ya Jumatano na Jumatatu hapana nafasi kubwa, na mgonjwa wa attaque, yaani kiharusi, anaweza kuingia pale kituoni saa yoyote. Juu ya vyeo na mishahara sitasema; cheo hakikunifundisha kitu, na mshahara wa Serikali kila mtu anaujua ulivyo. Nitasema juu ya damu na njia yake ya kupanda kichwani. Nitasema juu ya Papa Paluku aliyenifundisha kazi, na juu ya Kakule, ambaye nilimwonea wivu tangu siku alipoingia kwetu hadi asubuhi ya leo nilipoamka.

Siku yangu ya kwanza nilifika na blouse, koti jeupe la kazi, iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Papa Paluku, aliyekuwa titulaire wakati ule, hakuiangalia. Alinipeleka kitandani kwa mama mmoja aliyeletwa kutoka kwenye maombi. Alikuwa katika siku ya tatu ya kufunga, bila chakula na bila maji, akasimama kuimba, akaanguka. Ndugu zake walikuwa wamemzunguka wakikemea pepo. Mimi nikakimbilia serum, maji ya kutia mshipani, nikamchoma mara mbili mkononi, mara zote mbili nikakosa mshipa. Papa Paluku akanisogeza pembeni, akatoa mto chini ya kichwa cha yule mama, akauweka chini ya miguu yake. Kisha akaketi, akamshika kiganja.

"Kwanza kamata mukono," aliniambia. "Mukono njo itakwambia."

Baada ya dakika chache yule mama alifumbua macho na kuuliza ni nani aliyechukua viatu vyake. Papa Paluku akanieleza: mwili ukikauka damu inapungua, na mtu akisimama kwa ghafla damu ile kidogo inabaki miguuni, kichwa kinakosa haki yake. Laza chini, inua miguu, mpe maji akiweza kumeza. Ndiyo dawa. Mbele ya wale ndugu waliokuwa bado wanakemea, akanitazama mikono, akasema, "Weye una mikono ya haraka." Nikafikiri ananisifu. Nilikwenda nyumbani nimeridhika kabisa.

Chombo chake kilikuwa tensiomètre ya zebaki, ya kupimia tension, yaani presha ya damu, iliyokaa ndani ya sanduku la mbao lenye bawaba. Ukiifungua, kile kioo kirefu kinasimama wima, na zebaki inapanda na kushuka mbele ya macho ya wote. Mimi ndiye niliyeibeba. Miaka kumi na moja nilipanda nayo vilima vya mji huu, mvua na jua, kwenda kwa wazee wasioweza kutembea, na sanduku lile lilinichubua ubavu upande mmoja mpaka ngozi ikazoea. Nilijua bawaba ipi inalia. Nilijua kwamba usipoliweka pahali palipo sawa linakudanganya. Moyoni nilikwisha kulifanya langu.

Papa Paluku alikuwa akisema kwamba attaque si ugonjwa, ni mlango tu, na wanaopita katika mlango huo hawatoki njia moja. Mwaka mmoja tuliletewa binti mwembamba, hata ishirini hajafika, aliyeanguka na upande mmoja umekufa. Tension yake ilikuwa nzuri. Papa Paluku akanipa kiganja chake nikishike, na mapigo yalikuwa yanajikwaa, mawili ya haraka, moja linachelewa, kisha matatu. Homa za koo alipokuwa mtoto zilimharibia vali za moyo, na moyo wa namna hiyo hugandisha damu ndani yake, kisha hurusha bonge juu kichwani. Mwaka mwingine alikuwa mtoto wa SS, wa selimundu, aliyeamka asubuhi hajui tena kusema "mama". Walikuja wenye sukari. Walikuja zaidi wenye tension ya siku nyingi, wanaokula makayabu, samaki wa chumvi, bila kuyaloweka, na ukiwaambia wapunguze chumvi wanakuuliza kama unataka wale majani.

Tena wapo wa sumu. Kwetu mtu akipinda mdomo ghafla, neno la kwanza la jamaa ni kwamba amelishwa kitu. Mzee mmoja mfanyabiashara walimpeleka kwanza kwa mtu anayetoa sumu, akanyweshwa majani ya kutapika na ya kuhara siku mbili mfululizo. Alipotufikia alikuwa mkavu kama hayo makayabu. Alikuwa na mshipa mmoja tu ulioziba, na sehemu ya ubongo wake ilikuwa na njaa lakini hai. Wao wakamtoa maji yote mwilini, damu ikawa nzito na kidogo, na ile sehemu ikafa. Nilikasirika sana siku ile. Niliwaambia jamaa zake maneno makali juu ya watu wanaoua kwa kutaka kusaidia. Nayakumbuka vizuri, kwa sababu ingefaa nijiambie mwenyewe.

Matone niliyajifunza nilipokuwa stage, mwanafunzi wa mazoezi, na wakati ule wengi waliyafanya. Unachukua kidonge kile chekundu, unakitoboa kwa sindano, unakamua matone chini ya ulimi wa mgonjwa. Tension inaanguka ukiwa unatazama. Mgonjwa analetwa na tension ya ishirini na mbili, mdomo umepinda, jamaa wanalia; nafungua sanduku, nakamua, na wote wanaona zebaki inashuka, kumi na nane, kumi na tano, kumi na tatu. Watu walipiga makofi. Waliniita Mama Matone, na mpaka huku sokoni nilisalimiwa kwa jina hilo, nami niliitika. Papa Paluku alikuwa akitikisa kichwa tu. Wagonjwa wangu wengi walilala vizuri siku hiyo, na kesho yake wakaamka na hali mbaya kuliko waliyokuja nayo. Hilo nililiita mapenzi ya Mungu.

Ndipo akaja Kakule. Alitoka Masereka, mtoto wa wakulima wa viazi, na viatu vyake vilikuwa bado na udongo wa huko. Hakuwa msemaji. Akishika kiganja cha mgonjwa alifumba macho dakika nzima, hata kama foleni imefika barabarani. Nilimcheka. Nilimwita Pasteur, kama mchungaji anayeomba, na wenzangu wakacheka pamoja nami, isipokuwa Papa Paluku.

Wiki yake ya tatu tuliletewa dereva wa pikipiki za mizigo, mdomo umepinda, mkono wa kushoto haushiki. Tension ishirini na moja. Nikatoa kidonge changu na sindano. Kakule akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, kwa adabu, lakini akauweka.

"Mama, pardon. Hapana shusha."

"Hapana shusha namna gani? Unataka akufe?"

"Mama, weye unakaa kilima. Robinet ya kwenu inatokaka maji saa gani?"

"Wakiongeza presha. Lakini hiyo inaingiaje hapa?"

"Wakipunguza presha, ba ku bonde bako nateka. Ninyi ba ku kilima, robinet inakauka. Kichwa iko ku kilima, Mama. Kama mushipa imeziba, mwili yenyewe inaongeza presha ili maji ipite pembeni, ifike kule juu. Sasa weye unaenda kufunga."

Mtu wa Butembo haelezwi mara mbili juu ya maji na kilima. Nilielewa papo hapo. Nataka vijana mnaosikiliza mlijue hilo, kwamba nilielewa siku ile ile. Kilichonizuia kukubali si ujinga. Ni kwamba lilisemwa na yeye, mbele ya jamaa wa mgonjwa, na Papa Paluku akasema kwa upole, "Mwachie huyu." Kakule alimlaza dereva bila mto, akapima sukari, hakumpa hata kijiko cha maji, akaandika saa ambayo mdomo ulianza kupinda, akampeleka hospitali yeye mwenyewe. Baada ya siku tano yule dereva alipita kituoni, kikombe cha chai katika mkono wa kushoto, kuonyesha tu. Hakuniuliza mimi. Aliuliza, "Ule kijana wa Masereka iko?"

Kuanzia hapo kila aliyeingia alimuuliza kijana wa Masereka. Nilikuwa nikisikia jina la Kakule tumbo linaniuma, na si mfano, liliniuma kweli, nikanywa dawa za vidonda vya tumbo mwaka mzima. Mtu alipopona mkononi mwake nilitafuta sababu: alikuwa kijana, alikuwa na attaque ndogo, angepona tu. Mtu alipokufa mkononi mwake, Mungu anisamehe, nilipata usingizi.

Papa Paluku alipostaafu, mimi nikawekwa mahali pake. Siku ya kuagana tulipika fufu na sombe, tukaimba, akasimama na sanduku la mbao mikononi. Nilikuwa nimekwisha kunyoosha mikono kidogo. Akapita mbele yangu, akampa Kakule.

"Mama Katungu atanisamehe, anajua mwenyewe," alisema. "Chombo hii inataka mutu wa kungojea."

Nilipiga makofi kuliko wote. Nilipofika nyumbani nilimwambia Mumbere, naye akacheka mpaka kiti kikalia. Mumbere alikuwa mtu wa kusema sana, mwuza viazi, na bezi ya kwaya yetu ilikuwa yeye. Akiwa hayupo kanisani watu walijua kabla ya kugeuka. "Katungu wangu," alisema, "miaka yote unalia juu sanduku inakuumiza ubavu. Sasa amekutua muzigo, unalia tena?" Sikumpikia siku ile.

Miezi michache baadaye Kakule alibandika karatasi ukutani, juu ya meza ya kupokelea wagonjwa, imeandikwa nyuma ya fiche, kadi ya chanjo, kwa mwandiko wake mbaya: *Mugonjwa wa mudomo wa kupinda. Laza chini. Pima sukari. Usimupe kitu kwa mudomo. Hapana shusha tension kwa haraka, hapana matone. Andika saa ilianza. Peleka hôpital.* Neno matone alilipigia mstari. Labda kwa ajili ya vijana. Mimi niliona jina langu limepigiwa mstari ukutani pa kituo changu mwenyewe. Nikaibandua baada ya wote kwenda, nikaikunja katika kitabu changu cha nyimbo.

"Mama, karatasi iko wapi?" aliuliza kesho yake.

"Ukuta itapakwa rangi."

Aliutazama ukuta, akanitazama mimi, akaenda zake. Ukuta ule haujapakwa rangi mpaka leo.

Ndipo ikafika barua ya mafunzo ya siku mbili, Mavivi, karibu na uwanja wa ndege wa Beni, kwa sababu mkufunzi angetua pale na kuondokea pale pale. Mafunzo yalikuwa juu ya attaque. Barua ilitaja jina la Kakule. Titulaire ndiye anayejibu barua, nami nikajibu kwamba Kakule ana chanjo vilimani na nitakwenda mimi. Kisha nikampangia hiyo chanjo, ili nisiwe nimesema uongo. Sikutaka aende kuongezewa elimu juu ya ile aliyokuwa nayo, na sikutaka abaki na kituo changu mkononi mwake. Funguo nilimpa Masika. Masika nilimlea mimi mwenyewe kazini. Alikunja mikono ya blouse kama mimi, alikamua matone kama mimi, na akasema "hapana shida" kwa sauti yangu. Alikuwa kioo changu, na katika kile kioo nilikuwa mzuri.

Mkufunzi alikuwa daktari mwanamke, mnene, mcheshi, alishuka kwenye ndege na begi moja. Asubuhi ya siku ya kwanza, kabla hata hatujapewa chai, aliuliza, "Nani hapa bado anatoboa nifedipine na kukamua chini ya ulimi?" Hakuna aliyenyoosha mkono. Mimi nilisoma jina la biskuti iliyokuwa mbele yangu. Akaeleza kwa saa nzima, kwa michoro, yale yote Kakule aliyonieleza kwa robinet moja: kwamba karibu na sehemu ya ubongo iliyokufa kuna sehemu yenye njaa inayongoja, kwamba presha ile ya juu ndiyo inayoilisha, kwamba ukiiangusha ghafla unaua kilichokuwa bado kinaishi. Maelezo ya Kakule yalikuwa mazuri kuliko yake. Hilo ndilo lililoniuma. Nilikaa pale nikiamua kwamba nikirudi sitasema mafunzo yalihusu nini.

Simu ililia wakati wa chai. Ilikuwa Masika, na sauti yake ilikuwa ya furaha.

"Mama, usiogope. Papa alianguka ku depot ya viazi. Balimuleta hapa mbio. Mudomo ilipinda, mukono ya kuume ilikuwa nalegea. Lakini nimemufanyia matone, Mama! Tension ilikuwa ishirini na mbili, sasa iko kumi na mbili. Sawa vile ulinifundisha."

Nilitoka nje. Ndege ndogo ilikuwa inanguruma uwanjani, nikaziba sikio moja.

"Alikuwa anasema, wakati walimleta?"

"Ndiyo, Mama. Maneno ilikuwa nzito, lakini alikuwa nasema. Alikuwa naulizia weye. 'Katungu iko wapi?' Mara tatu."

"Na sasa?"

"Sasa amelala tu. Hapana sema tena. Amepumuzika."

Nilimwambia atoe mto, amlaze sawasawa, amfungulie serum, amtafutie gari la hospitali, ampigie Kakule. Nilizisema amri hizo moja moja, kama anayesoma ile karatasi. Kisha yule mtoto akauliza, "Nimefanya vizuri, Mama?" Na mimi nikasema, "Aksanti, mwanangu."

Kutoka Mavivi hadi Butembo sikumbuki barabara. Nilipofika hospitali, Masika alikuwa amebaki kituoni na wagonjwa wengine. Kakule alikuwa ameshuka kilimani kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, na alikuwa amesimama koridoni mbele ya daktari. Mlango wa koridoni ulikuwa wazi, nikasikia kabla hawajaniona.

"Nani aliteremsha tension hivi?"

"Alipewa nifedipine chini ya ulimi, Docteur, saa nne na robo. Mimi njo niliacha ile dawa ku kabati. Ni kosa yangu."

Daktari alimkaripia kama mtu anavyomkaripia mtoto wa shule, mbele ya wagonjwa na wenye kulinda wagonjwa wao. Kakule aliniona juu ya bega la daktari. Aliniona vizuri, na mimi nikiwa na mfuko wa mafunzo mkononi, kalamu mpya na daftari ndani yake. Hakunyamaza. "Ndiyo, Docteur," alisema tena. "Ni kosa yangu." Ningeweza kusema neno moja. Nilisimama pale, na mniamini, katikati ya hofu yote ile bado wivu ulipata nafasi: nilimwonea wivu hata kwa lile karipio, kwa sababu lilikuwa langu na yeye alijua kulibeba.

Hakuna anayeweza kuniambia ni kiasi gani kilifanywa na bonge na kiasi gani kilifanywa na matone. Nimeuliza madaktari wawili kwa kuzunguka, kana kwamba ni mgonjwa mwingine, na wote walisema haijulikani. Mumbere aliishi. Mkono wa kuume haukurudi, na maneno hayakurudi. Neno lake la mwisho lilikuwa jina langu, nami nilikuwa Mavivi nimekaa katika kiti cha mtu mwingine.

Niliporudi kazini nilivimwaga vidonge vyote vilivyobaki katika shimo la taka, nikamwambia Masika kwamba zone, ofisi inayotuletea dawa, haina tena dawa ile. Aliamini. Tangu hapo kila Noeli analeta kuku kwa Papa aliyemwokoa, na kila muuguzi mpya anasimuliwa habari hiyo. Mara nyingi nilikuwepo ikisimuliwa. Nilikuwa napanga mafaili.

Kakule alikuja kwetu kila Jumapili baada ya ibada, zaidi ya mwaka. Alimkunja na kumkunjua vidole, akamwimbia. Alikuwa amegundua kwamba mtu aliyepoteza maneno wakati mwingine anayo bado ndani ya wimbo. Anaanza mstari, ananyamaza, anangoja. Alijua kungoja. Mimi nilijaribu siku za katikati ya juma, lakini nikishaanza nilikuwa namaliza mwenyewe. Jumapili moja nikiwa jikoni nilisikia bezi ya Mumbere, nyembamba, imepasuka, lakini ni yeye, ikimalizia mstari. Nikatoka mbio na ungo mkononi. Mumbere alikuwa anamtazama yule kijana, mdomo unajitahidi, akasema neno lake la kwanza.

"Kakule."

Nilirudi jikoni, nikaosha sufuria zilizokuwa safi. Baada ya hapo amepata "maji", na "hapana", na "kuku". Kakule sasa ana kituo chake kule Masereka na anatutumia kabichi. Jina langu bado sijalisikia.

Hayo ndiyo niliyokuwa nimeyaandika mpaka jana mchana. Kabla ya kuyakunja nikaona kuna mtu mmoja anayepaswa kuyasikia kwanza. Nikavuta kigoda uani, nikamsomea Mumbere yote, tangu blouse iliyosimama yenyewe. Yeye husikia kila kitu na huelewa kila kitu, watu wanasahau. Nilipofika kwenye karatasi niliyoificha, sikuinua macho. Nilipofika kwenye "Katungu iko wapi" ilibidi nisimame kidogo. Nilipomaliza, alikuwa ananitazama, mdomo unaanza kujitahidi, shingo imekaza, na mimi nikainama karibu, mwanamke mzima wa miaka hii, nangoja jina langu kama mtoto anangoja zawadi.

"Masika," alisema.

Hata jana halikuwa jina langu. Akainua mkono wake mzima, akaonyesha mlango wa uani. "Masika."

Nikachukua kitabu cha nyimbo, nikavaa viatu.

Nilimkuta Masika anafua blouse zake za wiki. Nilimwambia akae, hakukaa. Nilimwambia yote, nikampa ile karatasi, akaisoma na povu mikononi, wino ukaanza kutoka pembeni. Akaifuta kwa upindo wa nguo.

"Ulisema ni zone haina tena dawa," alisema mwishowe.

"Nilidanganya."

"Na mi, miaka yote hii, niko naambia batu nilimuokoa."

"Mkono ulikuwa wako. Kazi ilikuwa yangu. Ulifanya sawasawa nilivyokufundisha, na hilo ndilo kosa lenyewe."

"Kakule alijuaka?"

"Alijua."

"Na hakusema?"

"Hakusema."

Hapo ndipo alipolia. Hakulia juu yangu, wala juu yake. Alilia akisema, "Kakule, Kakule wa Mungu," na mimi nilisimama pale kando ya beseni, nimekuja kuungama, na tumbo likaniuma pahali pale pale pa zamani.

Tulikwenda kituoni pamoja. Vidonge vya katoni ile amevitenga, vitarudi zone na barua. Karatasi tumeibandika pale pale, juu ya meza ya kupokelea. Alama ya gundi ya kwanza bado ilikuwepo. Masika alitaka kuiandika upya kwa herufi nzuri, nikakataa. Basi anayewasomea haya anayajua, na kama sauti yake inakwama, mngojeeni. Mgonjwa wa mdomo uliopinda akiingia, inueni macho ukutani mfuate iliyoandikwa pale. Mwandiko ni wa Kakule, na ni mbaya sana. Hilo angalau niacheni niliseme.